Fundi mgeni na biashara ya vioo Migori na Homa Bay

WAHENGA walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika miji ya Migori na Homa Bay, methali hiyo waweza kuipima kwa futi na inchi. Nyumba za mawe na matofali zinazidi kuota kando ya barabara. Kuta zimekwisha kupigwa lipu na mabati yamekwisha kupigiliwa, lakini si ajabu kuona madirisha yamezibwa kwa magunia au karatasi za nailoni, kisa na maana mwenye nyumba bado anatafuta fundi wa vioo, au anatafuta fedha za kumlipa.

Fundi huyo akipatikana, si lazima awe mzaliwa wa hapo. Migori ni mji wa njiani. Barabara kuu itokayo Kisii hupitia Rongo na Awendo, ikaingia Migori, kisha ikaendelea hadi Isebania na kuvuka mpaka kuingia Sirari, Tanzania. Homa Bay nao ni mji wa bandari uliozoea wageni tangu enzi za meli za moshi katika Ghuba ya Winam. Katika miji ya aina hii mtu hufika na begi moja na ujuzi wa mikono yake, akaomba pembe ya kibanda cha mwenzake, akaanza kazi.

Je, mtu wa namna hiyo anahitaji nini ili atoke kibandani na kuwa mwanakandarasi anayeaminiwa kuweka vioo katika shule, zahanati au jengo la ghorofa? Na wewe msomaji uliye mjini, unayejenga nyumba ya wazazi huko mashambani kwa fedha za kudunduliza, unapaswa kujua nini kabla ya kumkabidhi kazi?

Waliotangulia

Fundi mgeni si jambo jipya katika nchi hii. Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, zaidi ya vibarua na mafundi 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Mikataba yao ilipokwisha wengi walirejea kwao, lakini takriban 6,700 walibaki. Miongoni mwao walikuwamo Masingasinga waliokuwa maseremala, wahunzi na waashi, wale ambao Waswahili waliwaita makalasinga. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, mahali panapoitwa Kisumu leo, baadhi yao walianza kufanya kazi za mikono katika miji midogo iliyokuwa ikichipuka.

Wafanyabiashara nao hawakuwa nyuma. Allidina Visram, aliyezaliwa Kutch nchini India, alifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1863 akiwa mvulana wa miaka 12 hivi. Kufikia kifo chake mwaka 1916 alikuwa na maduka kuanzia pwani hadi Uganda. Siri yake kubwa ilikuwa mkopo wa bidhaa. Kijana aliyewasili kutoka kwao hakupewa fedha taslimu, bali alipewa shehena ya mali akaiuze, kisha arudishe hesabu. Aliyerudisha vizuri aliongezewa. Aliyefuja alijikuta hana wa kumdhamini tena.

Msomaji ashike jambo hilo, kwa maana hata leo fundi mgeni mwenye duka dogo la vioo huinuka au huanguka kwa imani ya mwenye duka la jumla anayemkopesha mali.

Historia hiyo ina upande wake mchungu pia. Mwaka 1967 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Leseni za Biashara na Sheria ya Uhamiaji. Wasiokuwa raia walipigwa marufuku kufanya biashara nje ya maeneo maalumu yaliyotengwa, na walihitaji vibali ili kufanya kazi. Maelfu ya Wahindi walifunga virago mwaka 1968 wakaelekea Uingereza, ambako nako serikali iliharakisha sheria ya kuwazuia mwezi Machi mwaka huo huo. Wenye asili ya Kiasia waliobaki walisubiri hadi Julai 2017 ndipo serikali ikawatambua rasmi kuwa kabila la 44 la Kenya.

Funzo kwa mgeni wa leo ni mawili. Kwanza, karatasi ni muhimu kama nyundo. Pili, aliyemfunza mwenyeji kazi huacha kitu nyuma hata akiondoka.

Kioo hutoka wapi?

Kioo ni mchanga uliopikwa. Mchanga mweupe wenye silika huchanganywa na magadi na chokaa, ukatiwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,500 hivi hadi ukawa uji mzito. Magadi ndiyo yanayosaidia mchanga kuyeyuka kwa joto dogo kuliko kawaida yake. Hapa Kenya tunayo magadi tele katika Ziwa Magadi, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na viwanda vya vioo ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa zao hilo duniani.

Zamani kioo cha dirisha kilikuwa na mawimbi. Ukimtazama mtu aliye nje ungedhani kichwa chake kimepinda. Mambo yalibadilika mwaka 1959, pale kampuni ya Pilkington ya St Helens, Uingereza, ilipotangaza mbinu iliyobuniwa na Alastair Pilkington. Uji wa kioo humwagwa juu ya bati lililoyeyuka, ukaelea kama mafuta juu ya maji, ukatandaa na kuwa laini pande zote mbili bila kusuguliwa. Karibu kila kioo cha dirisha kinachouzwa leo hutengenezwa hivyo.

Kwa miaka mingi vioo vya madirisha katika eneo letu vilitegemea meli kutoka ng'ambo. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alizindua kiwanda cha Sapphire Float Glass huko Mkuranga, Mkoa wa Pwani, chenye uwezo uliotangazwa wa tani 700 kwa siku. Kwa fundi aliye Migori, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, habari ya namna hiyo si ya kupuuzwa. Soko la pamoja la Afrika Mashariki, ambalo itifaki yake ilianza kutumika Julai 1, 2010, lilikusudiwa kurahisisha safari ya mali kama hiyo, na ya watu pia.

Kibanda cha kwanza

Tuchukue mfano. Tumwite tu mgeni wetu. Amejifunza kazi katika mji mkubwa, Mwanza, Kampala au hata Mumbai, na sasa amefika Migori akiwa na akiba ndogo. Afanye nini?

Jambo la kwanza ni mahali. Fundi wa vioo hufanya vyema akiwa jirani wa welda. Mwenye nyumba anapokwenda kuagiza madirisha ya chuma, swali lake la pili huwa ni nani atamwekea vioo. Welda akimwonyesha mlango wa pili, biashara imeanza. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi naye ni rafiki wa kutafutwa mapema.

Vifaa vya kuanzia si vingi. Anahitaji meza pana iliyotandikwa zulia kuukuu ili kioo kisikwaruzwe, rula ndefu iliyonyooka, tepu ya kupimia, koleo, kisu cha puti na kalamu ya kukatia. Kalamu za zamani zilikuwa na ncha ya almasi. Za siku hizi nyingi zina kigurudumu kidogo cha chuma kigumu. Wengi hudhani kalamu hiyo hukata kioo. La hasha. Huchora mkwaruzo mwembamba tu, na kioo chenyewe hupasuka kufuata mkwaruzo huo kinapobonyezwa. Ndiyo maana fundi hodari hupitisha kalamu mara moja tu. Anayerudia mstari mara ya pili huharibu ncha, na kioo kikapasuka kinavyotaka chenyewe.

Mwanzoni mgeni wetu asingoje kazi za ghorofa. Kuna fremu za picha za harusi na za mahafali, vioo vya kujitazamia, vioo vya meza na makabati ya maduka ya dawa, na kuna madirisha yaliyovunjwa na mpira wa watoto. Kazi hizi ndogo hulipwa papo kwa papo, na kila moja huingiza fundi katika nyumba ambayo kesho itahitaji kazi kubwa.

Halafu kuna uzito. Kioo cha unene wa milimita moja huwa na kilo mbili na nusu kwa kila mita mraba. Kwa hivyo kioo kizima cha futi 8 kwa futi 6 chenye unene wa milimita 4 kina uzani wa kilo 45 hivi. Kumi vikipakiwa pamoja ni karibu nusu tani. Mali hiyo husafirishwa ikiwa imesimama wima na kuegemezwa kwenye fremu ya mbao, kamwe isilazwe. Kioo kilicholazwa garini hupasuka gari likiingia shimo la kwanza, na msafiri wa barabara zetu anajua kwamba shimo la kwanza haliko mbali.

Hesabu ya vipande

Faida ya biashara hii haipatikani kwa kupandisha bei. Hupatikana mezani, kabla ya kalamu kugusa kioo.

Tuseme mgeni wetu amepata nyumba inayohitaji vipande 33 vya inchi 20 kwa inchi 25. Kioo kizima cha futi 8 kwa futi 6 ni inchi 96 kwa 72. Fundi asiyefikiri atavipanga vipande vyote vikielekea upande mmoja. Upande wa inchi 72 atapata vipande vitatu vya inchi 20, na upande wa inchi 96 atapata vitatu vya inchi 25. Jumla ni vipande 9 kwa kila kioo. Kwa vipande 33, atanunua vioo vinne.

Fundi mwenye akili hukata kwanza mikanda mirefu mitatu ya urefu wa inchi 96. Miwili ina upana wa inchi 25 na mmoja una upana wa inchi 20, jumla inchi 70. Mikanda miwili ya kwanza humpa vipande vinne kila mmoja, na ule wa tatu humpa vitatu. Hivyo ni vipande 11 kutoka kwa kioo kile kile. Kwa vipande 33, vioo vitatu vinamtosha.

Tufanye hesabu ya mfano, maana bei za sokoni hubadilika kila mara. Ikiwa kioo kimoja kinamgharimu shilingi 5,000 na anatoza shilingi 200 kwa kila futi mraba pamoja na kazi, nyumba hiyo itampa shilingi 22,900 hivi. Ondoa shilingi 15,000 za vioo vitatu na, tuseme, shilingi 2,500 za puti, msaidizi na nauli. Anabaki na 5,400. Yule wa vioo vinne anabaki na 400.

Lakini angalia hatari iliyojificha. Mwenye vioo vitatu hana kipande hata kimoja cha akiba. Kipande kimoja kikimponyoka, itambidi anunue kioo cha nne, na faida ya siku mbili imekwenda na upepo. Masalio ya kioo hicho atayahifadhi, lakini ni fedha zilizolala ukutani. Ndiyo sababu mafundi wa kazi hii hawapendi kuzungumzishwa wanapokata.

Kupima nako ni kazi. Fremu za chuma zilizochomelewa kwa mkono hazilingani, hata zikitoka kwa welda mmoja siku moja. Kila tundu lipimwe peke yake, juu na chini, na mlalo wa pembe kwa pembe. Kioo nacho kikatwe kikiwa kidogo kuliko tundu kwa milimita chache kila upande. Chuma hutanuka kwa jua la mchana, na kioo kilichobanwa hupasuka bila kuguswa na mtu. Mwenye nyumba akasema ni uchawi.

Upepo, joto na mbu

Kazi ya kando ya ziwa ina masharti yake. Fremu ya chuma isiyopakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya kutiwa kioo huanza kubabuka, na kutu huinua puti mpaka kioo kikalegea. Puti ya fremu za mbao, ambayo kwa desturi hutengenezwa kwa unga wa chokaa na mafuta ya mbegu za kitani, si ile ile ifaayo kwa chuma. Puti mpya haifai kupakwa rangi siku hiyo hiyo. Iachwe ishike kwanza. Fremu za alumini, ambazo zimeenea sana, hutumia raba na silikoni badala ya puti.

Isitoshe, Homa Bay kuna joto. Mwenye nyumba aliyeona jengo la vioo vitupu huko Nairobi akataka sebule yake iwe vivyo hivyo, atajikuta anaishi ndani ya tanuri. Fundi mwaminifu humwambia ukweli kwamba kioo huingiza jua na kufungia joto ndani. Kinachofaa ni madirisha yanayofunguka pande zinazotazamana ili upepo wa ziwa upite.

Na dirisha likifunguka, mbu huingia. Kaunti zote mbili zimo katika ukanda wa ziwa wenye malaria nyingi zaidi nchini, na Homa Bay ndiko Kenya ilikozindulia chanjo ya malaria Septemba 2019. Fundi wa vioo anayejua kutengeneza fremu za wavu wa mbu ana bidhaa ya pili ya kuuza kwa kila dirisha, na familia inayonunua hulala vyema.

Damu na usalama

Kila aliyefanya kazi hii ana alama mkononi. Kanuni ya kwanza anayofunzwa mwanagenzi ni kwamba kioo kikianguka usikidake. Mkono unaodaka kioo kinachoanguka ndio unaokatwa mishipa ya kiganja. Ruka nyuma ukiache kivunjike. Kioo kitanunuliwa kingine. Glavu nzito, viatu vya ngozi na miwani si mapambo.

Kwa wazazi, swali kubwa ni milango na madirisha yaliyo karibu na sakafu. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kama visu. Mtoto anayekimbia akagonga mlango wa kioo cha aina hiyo yuko hatarini. Kipo kioo kilichopashwa moto kupita nyuzi 600 kisha kikapozwa ghafla kwa upepo. Kikivunjika husambaratika kuwa punje ndogo zisizokata sana. Kioo hicho hakiwezi kukatwa tena baada ya kutoka tanurini, hivyo vipimo vyake visikosewe hata kidogo. Kipo pia kile cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando katikati. Wazo la kioo hiki lilianza mwaka 1903, Mfaransa Édouard Bénédictus alipoangusha chupa ya maabara iliyokuwa na utando mkavu ndani yake, akaona imepasuka lakini haikutawanyika. Vioo vya mbele vya magari hutengenezwa kwa namna hiyo.

Shule ni jambo la kuzungumziwa peke yake. Mwezi Machi 2001 wanafunzi 67 waliangamia katika moto wa bweni la Kyanguli, Machakos. Mwaka 2012, wanafunzi wanane walikufa katika moto wa bweni huko Asumbi, Kaunti ya Homa Bay. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma vya kuzuia wezi na yawe rahisi kufunguka kuelekea nje. Mwanakandarasi anayeombwa na kamati ya shule aweke vyuma hivyo kwa sababu ya wizi wa magodoro ana wajibu wa kukataa. Kazi anayoweza kuipoteza ni ya siku chache. Bweni litasimama miaka 40.

Kutoka fundi hadi mwanakandarasi

Siku itafika mgeni wetu ataitwa kuweka vioo katika jengo zima. Hapo ndipo wengi walioanza vizuri huzama, na si kwa kukosa ujuzi.

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, Migori na Homa Bay zimepata majengo ya ofisi, zahanati, masoko na madarasa ya chekechea. Kazi zipo. Tatizo ni malipo. Madeni ya kaunti kwa wanakandarasi yamelalamikiwa mwaka baada ya mwaka katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti. Mwenye duka dogo akichukua mali ya mkopo, akaiweka kwenye jengo la serikali, kisha akangoja mwaka mzima, mwenye duka la jumla hatamngoja. Kioo kilichokwisha kupakwa puti hakirudishwi dukani.

Kwa hivyo wenye busara hugawanya kazi. Kazi za watu binafsi hulipisha arubuni ya kutosha kununua vioo kabla ya kuanza. Kazi za taasisi huchukuliwa kwa kiasi ambacho fundi anaweza kukivumilia hata malipo yakichelewa. Kila kitu kiandikwe, yaani idadi ya madirisha, unene wa kioo, aina yake, nani atalipia kikivunjika kabla ya makabidhiano, na lini fedha zitatoka. Katika kandarasi za ujenzi sehemu ya malipo, aghalabu kati ya asilimia 5 na 10, huzuiwa kwa miezi kadhaa hadi ionekane kwamba kazi haina kasoro. Asiyeliweka hilo katika hesabu zake atadhani ameibiwa.

Sheria nazo zinamtazama. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na wanakandarasi husajiliwa nayo katika madaraja nane. Kuna leseni ya kaunti na nambari ya PIN ya ushuru. Kibali cha Idara ya Uhamiaji cha daraja la G, kwa mgeni anayetaka kuendesha biashara yake mwenyewe, kinadai mtaji wa dola 100,000 za Marekani, kiasi ambacho fundi wa kibandani hakioti hata usingizini. Anayetoka nchi za Afrika Mashariki aulize katika ofisi ya uhamiaji yenyewe ni njia ipi inamfaa chini ya itifaki ya soko la pamoja, badala ya kutegemea maneno ya madalali wa mpakani. Aidha, asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na walemavu walio raia wa Kenya. Mgeni hawezi kuziomba, lakini aweza kuajiriwa na kikundi cha vijana kilichoshinda zabuni kikakosa ujuzi wa vioo.

Mgeni siku mbili

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wetu anapokea jembe lake siku anapojifunza kusema oyawore asubuhi na erokamano anapolipwa, siku anapochanga katika matanga ya jirani, na siku anapomchukua kijana wa hapo kuwa mwanagenzi.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Wapo mafundi wanaoficha kazi, wakipima peke yao na kukata mlango ukiwa umefungwa, kwa hofu kwamba kijana akishajua atafungua kibanda ng'ambo ya barabara. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana hutokea. Lakini fundi anayefanya kazi peke yake hawezi kuwa Rongo na Mbita siku moja. Bila wasaidizi waliofunzwa atabaki fundi maisha yake yote. Tena mwanagenzi mwenyeji ndiye anayejua ni nani hulipa na nani hukopa, na ndiye atakayesema neno jema siku bei itakapozua mzozo na mzee mmoja akauliza huyu mtu ametoka wapi.

Suala la nani mgeni nalo si jepesi katika eneo hili. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano ya 1886 na 1890, ukawagawa Wakuria na Wajaluo pande mbili. Fundi kutoka Tarime au Rorya aweza kuwa na shangazi Migori na bado akatakiwa awe na kibali, ilhali aliyetoka Mombasa asiyejua neno la Kijaluo hahitaji chochote. Ziko pia kuta za mawe za Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, zilizotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Zilijengwa bila saruji wala chokaa, na wanahistoria wanasema jamii zilizofika kwa zamu zilizirithi, zikazikarabati na kuishi humo.

Kabla ya kumpa kazi

Msomaji unayejenga, muulize fundi wako maswali haya. Je, amepima kila dirisha mwenyewe, au anategemea ramani? Kioo ni cha milimita ngapi? Mwombe akuonyeshe ukingo wake na umpimie kwa rula, kwa kuwa wa milimita 3 na wa milimita 4 hufanana kwa macho. Fremu zimepakwa rangi ya kuzuia kutu? Mlango wa watoto utawekwa kioo gani? Kikivunjika kabla hujakabidhiwa, ni hasara ya nani? Na uko wapi mtu wa hapa hapa aliyefanyiwa kazi naye mwaka jana, tukaione?

Na wewe mwanafunzi unayemaliza shule ukijiuliza utakwenda wapi, kumbuka kwamba vyuo vya ufundi viko katika kaunti zote mbili, na mitihani ya ufundi ya NITA huanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Kazi hii haichagui mvulana wala msichana. Inataka mkono usiotetemeka na mtu asiyeona haya kupima mara mbili. Huenda aliyekuja kutoka mbali ndiye atakayekufunza. Ukimpata aliye tayari, mshikie upande wa pili wa kioo, na uangalie anakoweka rula.